Mtaa mpya, watoto wamebadilika: nianzie wapi?

Swali: Tulihama Korogwe miezi minane iliyopita, tukapanga chumba kimoja Tandale, Dar es Salaam. Nyumba ina wapangaji sita, choo kimoja na uwanja mdogo wa kufulia. Nina binti wa miaka 8, yuko darasa la pili, na mdogo wake wa kiume ana miaka 3. Kule nyumbani walikuwa wanacheza mpaka Magharibi bila wasiwasi. Hapa mdogo haachi kuharisha na kukohoa, na dada yake amekuwa mkimya. Mwalimu anasema anasinzia darasani. Jioni nikienda kuuza vitumbua nawafungia ndani na televisheni kwa sababu watu wa hapa siwajui, na jirani kuna kibanda umiza cha kuonyesha video na muziki hadi usiku. Mume wangu anataka tuwarudishe kwa bibi yao. Ni kweli mtaa unaweza kumharibu mtoto? Nifanye nini?

Jibu: Mama, mtaa unamgusa mtoto, tena sana, ila tabia mbaya haimpati hivihivi kwa sababu tu anaishi uswahilini. Vinavyomgusa unaweza kuvihesabu: saa anazolala, maji anayokunywa, moshi anaovuta, nafasi ya kukimbia, na watu wazima wangapi wanajua jina lake na la mama yake. Vile vinne vya mwanzo vinarekebishika hata kwa familia ya chumba kimoja. Hicho cha tano ndicho ulichokipoteza zaidi ulipohama. Korogwe watoto hawakuwa wakicheza peke yao. Kulikuwa na shangazi, muuza duka, mzee wa barazani, wote wakiwatazama bila wewe kuwaomba. Tandale macho hayo yapo pia, lakini hapa lazima uyaombe.

Kabla ya yote, hilo kufuli. Usiwafungie kwa nje tena, kuanzia leo. Nyumba ya vyumba vilivyobanana, waya za umeme zilizoungwaungwa, godoro la sponji, na mtoto wa miaka 8 ambaye hawezi kufungua mlango: moto ukitokea, hakuna wa kumlaumu wala wa kumwokoa. Kama wiki hii huna pa kuwaacha, mlango ubaki unafunguka kwa ndani na mtu mzima mmoja wa nyumba hiyo ajue kwamba wako peke yao na utarudi saa ngapi. Kiberiti na mishumaa viondoke. Mafuta ya taa yasikae kwenye chupa ya soda au ya maji, maana mtoto wa miaka 3 anajua chupa hiyo ni ya kunywa. Akiyanywa, usimtapishe wala usimpe maziwa, mkimbize hospitali, kwa sababu anapotapika ndipo mafuta yanapoingia kwenye mapafu. Na jiko la mkaa lisiingie chumbani hata kama mvua inanyesha na mkaa umebaki makaa mekundu tu. Makaa yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya watu: yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na waliolala hawaamki.

Sasa usingizi, kwa sababu nadhani hapo ndipo penye sehemu kubwa ya matatizo ya binti yako. Mtoto wa umri wake anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi kwa siku. Akiamka saa 11 alfajiri kuwahi shule na amelala saa 5 usiku, amepata saa 6. Hakuna mtoto anayesoma kwa saa 6 za usingizi mwezi baada ya mwezi. Atasinzia, atasahau, atakuwa mkali au mkimya. Hesabu kurudi nyuma: kuamka saa 11 maana yake awe amelala saa 2 usiku, na hicho ni kiwango cha chini kabisa. Katika chumba kimoja hilo linawezekana ikiwa televisheni inazimwa saa 1 na nusu, taa kubwa inazimwa, mnatundika pazia la khanga mbele ya kitanda cha watoto, na ninyi wakubwa mnamalizia mazungumzo yenu nje. Mdogo anahitaji saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwemo. Chandarua kishuke kabla hawajalala, kichomekwe chini ya godoro pande zote.

Muziki wa jirani hauzimiki kwa kugombana na mwenye spika. Andika kwenye daftari kwa wiki mbili: tarehe, saa ulipoanza, saa ulipokoma. Wapangaji wenzako wanne au watano waweke saini. Pelekeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mbaki na nakala yenye muhuri wa ofisi. Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, zinazosimamiwa na NEMC, baraza la mazingira la taifa, na malalamiko yenye tarehe na saini ndiyo yanayopanda ngazi. Ya mdomo hufia barazani. Kibanda umiza nacho kiko ndani ya mamlaka ya mtaa: ombi lenu liwe mahususi, kwamba watoto wa umri wa shule ya msingi wasiingie kabisa, si kwamba kifungwe. Mkidai kifungwe mtashindana na riziki ya mtu na mtashindwa.

Mdogo. Kuharisha mara kwa mara si "kuota meno" wala hali ya hewa ya Dar. Ni kinyesi kuingia mdomoni kwa njia ndogondogo. Choo kimoja cha familia sita, maji ya ndoo yanayochotwa kwa kikombe kilichoshikwa na mikono kumi, na masika watu wanatapisha vyoo, yaani wanafungulia kinyesi kitoke na mvua, uchafu unatembea na maji ya mvua hadi Mto Ng'ombe kupitia palepale watoto wanapocheza. Hata pale mtoto asipoharisha, uchafu huu ukiingia kidogo kidogo kila siku unauchosha utumbo, chakula hakinyonywi vizuri, na urefu unabaki nyuma. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na si wote waliokosa chakula.

Anza na ndoo. Nunua yenye kifuniko na koki, au mpe fundi atoboe ndoo uliyonayo aweke koki, ili mkono wala kikombe kisiingie. Maji yachemke hadi yatokote kwa dakika moja nzima, au tumia kidonge cha klorini: cha miligramu 67 kinatibu lita 20 za maji yasiyo na tope, usubiri dakika 30 kabla ya kunywa. Maji yakiwa na tope, chuja kwanza kwa kitambaa safi na tumia vidonge viwili. Wengi wanakosea hapo: wanatia kidonge kwenye maji ya rangi ya chai, klorini inaishia kwenye tope, na wanasema dawa haifanyi kazi. Ndoo yenyewe isuguliwe kwa sabuni kila inapoisha maji.

Kisha tengenezeni kibuyu chirizi, yaani dumu la kunawia mikono, mlangoni mwa choo. Dumu la lita 5, toboa tundu dogo kwa msumari wa moto upande wa juu chini kidogo ya mdomo, ning'iniza kwenye fito kati ya miti miwili, funga kamba kwenye mdomo wa dumu na upande wa chini ifunge kwenye kijiti cha kukanyaga. Mtu anakanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika, mkono haugusi chochote. Sabuni ya mche itobolewe na kuning'inizwa hapohapo. Ugumu uko kwenye zamu ya kujaza maji: isipoandikwa ukutani nani anajaza siku gani, baada ya wiki mbili dumu litakuwa kavu. Kinyesi cha mtoto kwenye poti kimwagwe chooni, si mferejini. Watu hudhani cha mtoto hakina madhara, na kinayo sawa na cha mkubwa.

Akiharisha: ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini) pakiti moja kwenye kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, mara nyingi lita 1, ikibaki baada ya saa 24 imwagwe. Mwombe mhudumu wa zahanati vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku, na umpe siku 10 kamili hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Endelea kumlisha. Damu kwenye choo, macho yaliyozama, au mtoto aliyelegea asiyeweza kunywa: hospitali mara moja.

Kikohozi kina wahusika zaidi ya mmoja. Jiko liwashwe nje, lisiletwe karibu na mlango kabla moshi haujaisha. Dawa ya mbu ya kuchoma katika chumba kilichofungwa ni moshi kama moshi mwingine, chandarua kinatosha. Dirisha mliloziba kwa mfuko wa sandarusi lizibuliwe na liwekwe wavu. Mtoto akikohoa, mhesabu pumzi akiwa ametulia au amelala, kwa saa ya simu, dakika moja kamili: 40 au zaidi kwa umri wake, au sehemu ya chini ya kifua ikibonyea anapovuta pumzi, ni hospitali siku hiyohiyo. Kikohozi cha wiki 2 mfululizo, hasa akiwa anapungua uzito, apimwe kifua kikuu, na muulizane humo ndani nani mwingine anakohoa. Na usikose matone ya vitamini A na dawa ya minyoo, hutolewa kila Juni na Desemba.

Sasa watu, ambao ndio kiini cha swali lako. Mwaka 1997 watafiti watatu wa Marekani, Robert Sampson, Stephen Raudenbush na Felton Earls, walichapisha uchunguzi wa maeneo 343 ya Chicago. Waliwauliza wakazi maswali mepesi: watoto wakitoroka shule na kuzurura pembeni ya barabara, jirani atafanya kitu? Wakipigana mbele ya nyumba? Mtoto akimvunjia mkubwa heshima? Maeneo ambayo watu waliaminiana na walitarajia jirani kuchukua hatua yalikuwa na ukatili mdogo, hata ulipoondoa tofauti ya umaskini. Earls, akiwa na Mary Carlson, baadaye alifanya kazi Moshi, ambako watoto wa miaka 10 hadi 14 waliandaliwa kujadili afya na VVU mbele ya watu wazima wa mitaa yao. Wazo lilikuwa lilelile: mtaa unamlinda mtoto pale watu walipozoea kuzungumza hadharani kuhusu mambo yao, na mtoto mwenyewe akiwemo.

Angalia kwamba hapo hakuna suala la kupendana. Watu husema mtoto ni wa wote, kisha kila mmoja anasubiri mwenzake. Unachohitaji ni makubaliano yenye maneno.

Chagua familia tatu, ya kwako iwe ya nne, kwenye nyumba hiyo au ya pili. Anza na mwanamke ambaye kila mtu anamsalimia kwa jina. Kila nyumba ya kupanga inaye. Mpitie na mjumbe ujitambulishe kama hukufanya hivyo ulipohamia, maana wengi hawafanyi. Kama kuna kikundi cha vikoba, jiunge, uombe dakika kumi za habari za watoto mwanzoni mwa kikao; vinachelewa kuanza hata hivyo. Mambo ya kukubaliana ni machache. Kila mtu awe na namba za simu za wengine na ajue watoto wa wengine kwa majina. Ukimkuta mtoto wangu kijiweni kwa bodaboda saa za shule, unamsimamisha, unamrudisha, unanipigia, humpigi. Hili la kutompiga lisemwe wazi, kwa sababu ndilo linalovunja mipango mingi: jirani anamchapa mtoto wa mwenzake kwa nia njema, mama anakuja juu, na kuanzia hapo kila mtu anageuza uso.

Na hakuna mtu mzima, awe ndugu, mpangaji au mwalimu wa tuisheni, anayeingia na mtoto kwenye chumba kilichofungwa. Hakuna kumtuma binti kupeleka maji au chakula chumbani kwa mtu. Kanuni iwe ya wote ili isionekane mnamshuku mmoja. Haitoki kwenye hofu tu: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba wasichana wapatao 3 kati ya 10 na mvulana takribani 1 kati ya 7 nchini walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na kwa kiasi kikubwa wanaofanya hivyo ni watu wanaofahamika, si wapita njia.

Baada ya hapo pangeni zamu. Saa 10 hadi saa 12 jioni, mtu mzima mmoja anakaa mahali anapowaona watoto wote, anachambua mchele au anasuka, na hana kazi ya kumtoa hapo. Watoto sita wadogo wanamtosha mtu mmoja. Wakizidi, wawe wawili. Wewe unauza jioni, basi chukua zamu ya asubuhi au ya Jumapili, na kama huwezi, lipa kwa kiasi mlichotajiana mapema. Zamu hufa pale mtu mmoja anapobebeshwa kila siku, au pale binti wa miaka 8 anapogeuzwa mlezi. Binti yako asihesabiwe kwenye zamu. Yeye naye ni mtoto anayelindwa. Kituo cha kulelea watoto mchana ni njia nyingine kwa mdogo, ila omba kuona cheti cha usajili kutoka ustawi wa jamii, na ukiambiwa mzazi haruhusiwi kuingia bila taarifa, geuza njia.

Saa hizo mbili zinalipa kwa kitu kingine. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 3 hadi 4 apate dakika 180 za kujishughulisha kwa mwili kila siku, 60 kati ya hizo ziwe za kuhema, na televisheni isizidi saa 1. Binti anahitaji angalau dakika 60. Kombolela, rede na ukuti vinatosha, havihitaji kiwanja cha mpira. Uchochoro usiopitiwa na pikipiki unatosha, na nyie watu wazima mnaweza kuweka benchi au matairi mwanzoni mwa uchochoro saa hizo mbili, mkiwa mmemwambia mjumbe. Makopo, matairi na ndoo zilizotuama maji kwenye uchochoro huo zimwagwe kila wiki: mbu wa dengi huzaliana humo na huuma mchana. Kama kuna fundi anayepasua betri za magari karibu, watoto wasicheze hapo kabisa, madini ya risasi yaliyo kwenye betri huingia mwilini kwa vumbi la mikononi. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwaachia wakazi madhara yaliyofika mahakamani, na mwaka 2020 ikaamriwa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, kesi iliyoendelea hadi Mahakama ya Juu.

Ukimya wa binti usiuache kwenye hesabu ya usingizi peke yake. Mwaka 2011 Tandale ilichorwa ramani na wakazi wake wakishirikiana na wanafunzi, njia, vyoo, mifereji na vyote; fanya hivyo kwa udogo wake na binti yako. Chukua karatasi, achore kutoka mlangoni kwenu hadi shuleni: duka, kisima, choo, kijiwe, barabara, nyumba za rafiki zake. Aweke alama ya nyota anapopapenda, na ya mkasi (X) asipopapenda kupita. Usimwulize "nani amekufanya nini?" Gusa alama na useme, "Hapa kuna nini?" kisha nyamaza. Mara nyingi utasikia mbwa, barabara, wavulana wanaomzomea, konda anayemsukuma, choo kisicho na komeo. Hayo ya kurekebisha unayaweza: komeo la ndani, taa ndogo ya sola chooni, kwenda na mtu mzima usiku, kuvuka barabara akishikwa mkono. Chini ya miaka 10 hivi mtoto hawezi kukadiria vizuri kasi ya gari, kwa hiyo kumwambia "angalia kwanza" hakutoshi. Atafutiwe mkubwa wa kuvuka naye au wanafunzi wa darasa la juu wa njia moja.

Lakini akikataa kutaja kitu kwenye alama fulani, akiogopa mtu mmoja ghafla, akianza kukojoa kitandani wakati alishaacha, akilalamika maumivu sehemu za siri, au ana pesa na zawadi usizojua zilikotoka, chukulia kwa uzito. Akisema, mwambie unamwamini na si kosa lake. Usimwogeshe, usifue nguo zake, usiende kumkabili mtuhumiwa, na usikubali kikao cha kumalizana kifamilia. Hospitali ndani ya saa 72, maana dawa za kuzuia VVU zina mwisho huo; kama ni dharura, matibabu yaanze na PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ifuate. Baadhi ya hospitali zina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wako pamoja. Kituo cha polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116 ni ya bure na inapokea hata kama una wasiwasi tu bila uhakika. Mtaa wenu pia unapaswa kuwa na kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto. Mwulize mtendaji wa mtaa majina ya wajumbe wake.

Kuhusu bibi. Kijiji si dawa kwa kuwa kijiji. Swali la kuuliza ni hili: asubuhi hadi jioni, kila siku, nani atakuwa na mtoto wa miaka 3, na mtu huyo ana nguvu za kumkimbilia? Bibi mwenye afya, anayeishi na shangazi, karibu na zahanati, ni jibu zuri. Bibi anayeshinda shambani akimwacha na watoto wa jirani ni kufuli lilelile kwa sura nyingine, tena penye malaria zaidi. Umri wa mdogo ni ule ambao kutenganishwa na mama kunaumiza na haelezi. Binti naye ameshabadilisha shule mara moja mwaka huu. Ningewapeleka likizo ya Desemba, wote wawili pamoja, na chandarua chao na kadi ya kliniki, simu ya kila jioni kwa saa ileile. Wakiwa huko, tumieni mwezi huo kuweka koki, komeo na zamu, halafu waulizeni wao, binti hasa, kabla ya nyie wawili kuamua.